Jeni ya APOE na kumbukumbu za maisha uzeeni: yanayojulikana, na yanayowahusu wazee wa Dodoma

Mzee anakutajia bila kusita mwaka aliooa, idadi ya ng'ombe waliotolewa mahari na jina la mshenga. Ukimwomba akusimulie siku yenyewe ilivyokuwa, anarudia maneno yale yale machache, kisha ananyamaza. Je, huo ni uzee tu, au ni mwanzo wa ugonjwa wa kusahau? Na kama mama yake naye alifika mahali pa kutowatambua watoto wake, je, ugonjwa huo unarithiwa?

Katika makala hii tunaeleza kumbukumbu za maisha ni nini, jeni inayoitwa APOE inahusikaje nazo, na tafiti zilizofanyika Afrika zimeonyesha nini. Tunaeleza pia kwa nini jambo hili ni zito kwa familia za Dodoma, Chamwino, Bahi, Kongwa na Kondoa, ambako maneno ya mzee bado ndiyo ushahidi wa mpaka wa shamba, wa ukoo na wa umri.

Kumbukumbu ya maisha ni ipi?

Ubongo hauna ghala moja la kumbukumbu. Ipo kumbukumbu ya muda mfupi, inayoshika namba ya simu hadi uiandike. Ipo ya mikono, inayomwezesha mtu kukamua ng'ombe au kupiga zeze bila kufikiri. Na ipo kumbukumbu ya maisha, yaani yale ambayo mtu anayakumbuka kuhusu yeye mwenyewe: alikozaliwa, aliyoyaona na aliyoyapitia.

Kumbukumbu hii ya maisha ina tabaka mbili. Tabaka la kwanza ni la taarifa: "Tulihamia kijiji cha ujamaa mwaka 1971." Tabaka la pili ni la tukio lenyewe: asubuhi ile lori lilipofika, nani alikuwa analia, jiwe la kusagia lililosahauliwa kwenye tembe, harufu ya vumbi njiani, na alivyojisikia alipogeuka kuangalia nyuma. Taarifa mtu anaijua. Tukio analiishi upya.

Tabaka hizi mbili hazichakai kwa kasi moja. Mwaka 2002 kundi la watafiti wa Toronto, Kanada, likiongozwa na Brian Levine, lilichapisha njia ya kuzipima. Mtu husimulia tukio moja la maisha yake, kisha wapimaji huhesabu vipande vya simulizi. Vipande vya ndani ya tukio (nani, wapi, saa ngapi, nini kilionekana, nini kilisikika) huwekwa upande mmoja, na maelezo ya jumla yasiyo ya tukio lile huwekwa upande wa pili. Waliwakuta watu wazima wenye umri mkubwa, wenye afya njema, wakitoa vipande vichache vya ndani kuliko vijana, na maelezo mengi zaidi ya jumla. Kwa hiyo kupungua kwa undani wa masimulizi, kwa kiasi fulani, ni sehemu ya kuzeeka kwa kawaida. Si kila babu anayefupisha hadithi ni mgonjwa.

Kwa nini wazee hukumbuka zaidi ujana wao?

Ukimwomba mtu mwenye miaka 70 au zaidi ataje matukio makubwa ya maisha yake, mengi yatatoka kati ya miaka 10 na 30 ya umri wake. Hali hii imeonekana katika nchi nyingi. Ni miaka ambayo mtu anafanya mambo mengi kwa mara ya kwanza: jando na unyago, safari ya kwanza, ndoa, mtoto wa kwanza, shamba la kwanza.

Tufanye hesabu kwa mtu aliyezaliwa mkoani Dodoma mwaka 1950. Uhuru ulipopatikana Desemba 1961 alikuwa na miaka 11. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967 alikuwa na miaka 17. Operesheni Dodoma ya mwaka 1970 hadi 1971, iliyozitoa familia kwenye makazi yaliyotawanyika na kuziweka katika vijiji vya ujamaa, ilimkuta akiwa na miaka 20 au 21. TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, alikuwa na miaka 23. Vita vya Kagera vilipopiganwa, mwaka 1978 na 1979, alikuwa anakaribia miaka 30. Historia nzima ya mkoa katika kipindi kile imeangukia katika miaka ambayo ubongo wake ulikuwa unaandika kwa wino mzito.

Ndiyo sababu pia umri wa wazee wengi hapa hujulikana kwa matukio na si kwa vyeti. Mmoja ataambiwa alizaliwa "wakati wa karanga za Kongwa", yaani mradi wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951. Mwingine atasema wazazi wake walikuwa watoto wakati wa Mtunya, njaa kubwa iliyowapiga Wagogo kati ya mwaka 1917 na 1920. Watafiti wanaofanya kazi vijijini hutumia kalenda za namna hii kukadiria umri.

Ugonjwa wa kusahau unapoingia, kwa kawaida huanza na mambo mapya. Mfaransa Théodule Ribot aliliandika hilo mwaka 1881: yaliyoingia karibuni hutoka kwanza, ya zamani hudumu. Hapo ndipo familia nyingi hudanganyika. Wanasema, "Mzee hana tatizo, mbona anakumbuka mambo ya mwaka 1971?" Lakini kukumbuka ya zamani hakuthibitishi kwamba ubongo uko salama. Swali la msingi ni kama bado analiona tukio lile na undani wake, au amebaki na mifupa ya simulizi aliyoirudia mara mia.

Jeni ya APOE ni nini?

Jeni ni maelekezo tunayorithi kwa wazazi, yanayouambia mwili utengeneze nini na vipi. Jeni ya APOE iko kwenye kromosomu ya 19. Kazi yake ni kutengeneza protini inayosafirisha mafuta, pamoja na kolesteroli, katika damu na katika ubongo.

Jeni hii ina aina tatu za kawaida: e2, e3 na e4. Kila mtu ana nakala mbili, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na e3 mbili, au e3 moja na e4 moja, au e4 mbili, na kadhalika. Mzazi mwenye e4 moja ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumrithisha kila mtoto.

Tangu mwaka 1993 inajulikana kwamba e4 inaongeza uwezekano wa kupata ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio chanzo kikuu cha dimensia duniani. Dimensia ni jina la jumla la hali ambapo kumbukumbu, fikra na uwezo wa kujihudumia huporomoka kuliko uzee wa kawaida unavyofanya. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya, nakala moja ya e4 huongeza hatari hiyo kwa takriban mara 3, na nakala mbili kwa mara 8 hadi 12. Aina ya e2, kinyume chake, huelekea kukinga.

Lakini kuongeza hatari si kuamua. Wapo watu wengi wenye e4 wanaofika miaka 90 wakiwa na akili timamu, na wapo wengi wasio na e4 hata moja wanaougua. Mfano ulio karibu nasi ni mbegu na mvua. Mbegu ya mtama inayostahimili ukame haikuhakikishii mavuno, na mbegu dhaifu haikuhakikishii njaa.

Tofauti ni kwa jeni chache adimu ambazo karibu zinaamua kila kitu. Zinachangia chini ya asilimia 1 ya wagonjwa wa Alzheimer duniani. Mfano unaojulikana sana uko Antioquia, Kolombia, ambako koo kubwa zinarithishana kasoro ya jeni iitwayo PSEN1, na wenye kasoro hiyo huanza kusahau kabla ya kufika miaka 50. Hata huko, mwaka 2019 watafiti walitangaza habari za mwanamke mmoja aliyekuwa na kasoro hiyo lakini akakaa takriban miaka 30 zaidi ya ndugu zake kabla ya akili kuanza kudhoofika. Alikuwa na aina nyingine, adimu sana, ya jeni ile ile ya APOE. Jeni moja ilimweka hatarini, nyingine ikamkinga.

Utafiti wa masimulizi ya maisha umeonyesha nini?

Mabadiliko ya ugonjwa wa Alzheimer huanza ndani ya ubongo miaka 15 hadi 20 kabla ya familia kuona chochote. Sehemu zinazoguswa mapema ni hipokampasi, kiungo kidogo kilichojikunja ndani ya ubongo karibu na masikio, pamoja na eneo linalopakana nayo. Hipokampasi ndiyo inayounganisha vipande vya tukio, yaani sura, sauti, mahali na hisia, kuwa kumbukumbu moja.

Kwa hiyo wanasayansi walijiuliza: kama hipokampasi inaguswa mapema, je, masimulizi ya maisha hayatakuwa ya kwanza kuonyesha? Mwaka 2018 Matthew Grilli na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, walichapisha jibu. Waliwaomba watu wa umri wa kati na wazee, wote wakiwa na akili timamu kwa vipimo vya kawaida, wasimulie matukio ya maisha yao. Wenye e4 walitoa undani mchache wa tukio kuliko wasio nayo. Hawakuwa wagonjwa. Walijua yaliyotokea na waliweza kuyaeleza kwa jumla. Kilichokuwa kimepungua ni ile nyama ya tukio: kilichoonekana, kilichosikika, kilichohisiwa.

Matokeo haya yanazungumzia kundi, si mtu mmoja mmoja. Huwezi kumsikiliza bibi yako jioni moja ukasema ana e4. Watu hutofautiana tangu ujana: wapo wasimulizi hodari na wapo wa maneno machache. Kinachoweza kusema kitu ni mabadiliko ya mtu yule yule. Bibi aliyekuwa akisimulia mavuno ya uwele hadi ukasikia ngoma ya muheme masikioni, na sasa anasema tu "tulivuna, tukacheza", amebadilika. Huyo ni wa kuangaliwa.

Je, e4 ina nguvu hiyo hiyo kwa Waafrika?

Takwimu za "mara 3" na "mara 8 hadi 12" zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Kwa Afrika picha ni tofauti, na tofauti hiyo ni muhimu kwa yeyote anayeogopa kwamba "ugonjwa uko kwenye damu yetu".

Katika miaka ya 1990 madaktari wa Tanzania na Kenya, wakishirikiana na wenzao wa ng'ambo, waliipima jeni hii kwa wazee wa Afrika Mashariki. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1997, yalionyesha kwamba e4 ni ya kawaida sana kwetu, hata miongoni mwa wazee wasio na dalili yoyote ya dimensia. Hawakuona uhusiano kati ya kuwa nayo na kuugua.

Utafiti mkubwa zaidi uliwalinganisha Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Ulianza mwaka 1992. Mwaka 2001 watafiti walitangaza kwamba wagonjwa wapya wa Alzheimer kila mwaka miongoni mwa Wayoruba walikuwa chini ya nusu ya wale wa Indianapolis, ingawa e4 ilikuwepo pande zote mbili. Kwa Wayoruba, nakala moja ya e4 haikuongeza hatari kwa namna iliyoonekana. Watafiti walipokuja kuwa na watu wengi zaidi, ilionekana kwamba nakala mbili zinaongeza.

Kwa nini? Utafiti wa mwaka 2018 uliofanywa Marekani na Puerto Riko ulionyesha kwamba kipande cha kromosomu kinachoizunguka APOE, kikiwa kimerithiwa kutoka kwa mababu wa Kiafrika, hupunguza ukali wa e4. Maisha nayo yana mchango wake: chakula, kutembea, uzito wa mwili, shinikizo la damu. Jeni haifanyi kazi peke yake.

Hii haimaanishi kwamba Waafrika hawapati dimensia. Ushahidi wa karibu nasi unatoka wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Mwaka 2009 na 2010 watafiti walizunguka vijiji 6 na kuwapima watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Waliporekebisha hesabu kulingana na umri, asilimia 6.4 walikuwa na dimensia. Kwa maneno mengine, katika kila wazee 16 wa umri huo, mmoja ni mgonjwa, na mara nyingi hakuna aliyewahi kumwambia yeye au familia yake ugonjwa huo unaitwaje.

Wilaya hiyo hiyo ilitoa jambo jingine la kufikirisha. Kati ya wazee wa miaka 70 na zaidi, karibu 7 kati ya 10 walikuwa na shinikizo la juu la damu. Shinikizo huharibu mishipa midogo ya ubongo na huongeza hatari ya kiharusi na ya dimensia. E4 haitibiki. Shinikizo linatibika kwa dawa za kawaida.

Mzee hupimwaje?

Vipimo vingi vya kumbukumbu vilitungwa kwa ajili ya watu waliosoma: chora saa, andika sentensi, hesabu kurudi nyuma kwa saba. Mpe kipimo hicho mzee ambaye hajawahi kushika kalamu, atashindwa, na hutajua kama ameshindwa kwa ugonjwa au kwa kutokwenda shule. Ndiyo maana watafiti wa Hai walitengeneza kipimo kifupi kiitwacho IDEA, kisichohitaji kusoma wala kuandika. Mzee hupanga njiti za kiberiti kwa umbo aliloonyeshwa, hutaja wanyama, hukumbuka orodha ya maneno 10 baada ya muda.

Lugha nayo ni jambo kubwa. Watafiti Viorica Marian na Ulric Neisser walionyesha mwaka 2000, kwa watu wanaozungumza Kirusi na Kiingereza, kwamba kumbukumbu hujitokeza kwa urahisi zaidi katika lugha ambayo tukio lenyewe lilitokea. Fikiria basi mzee wa Bahi ambaye utoto wake, ndoa yake na misiba yake vyote vilipita kwa Kigogo, anaulizwa kwa Kiswahili cha ofisini na kijana aliyevaa koti jeupe. Majibu mafupi hayashangazi. Kwa Kirangi huko Kondoa na Kinyaturu huko Singida ni vivyo hivyo. Familia inaweza kumsaidia daktari kwa kumpeleka mzee pamoja na mtu anayejua lugha yake na anayemfahamu tangu zamani.

Si kila kusahau ni dimensia

Kabla ya kulaumu jeni, kuna sababu nyingine za kutafutwa, na baadhi hutibika kabisa.

• Kuchanganyikiwa kwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, mara nyingi ni maambukizi: malaria, homa ya mapafu, njia ya mkojo. Hali hii ni ya dharura. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

• Sonona. Mzee aliyefiwa na mwenza au aliyeachwa peke yake anaweza kusahau na kupoteza hamu ya kusimulia. Masimulizi yake hupoteza undani hata kama ubongo hauna Alzheimer.

• Masikio na macho. Asiyesikia vizuri hakumbuki alichoambiwa kwa sababu hakikuingia.

• Upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, Virusi vya Ukimwi, kisukari kisichodhibitiwa, pombe, na baadhi ya dawa, hasa mzee akitumia nyingi kwa pamoja.

Dalili zinazopaswa kukufanya umpeleke mzee akapimwe ni hizi: kupotea njia anayoijua, kuuliza swali lile lile mara nyingi ndani ya saa moja, kushindwa kazi aliyoizoea kama kupika au kuhesabu mifugo, kubadilika tabia, na masimulizi yake kupungua undani kuliko alivyokuwa miaka michache iliyopita.

Kinachoweza kupotea: shamba, heshima, uhai

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kikamilifu, na Dodoma kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, ardhi ambayo zamani ilikuwa ya kulisha mbuzi imekuwa viwanja. Mpaka wa shamba mara nyingi hauko kwenye karatasi. Uko kwenye kichwa cha mzee: mbuyu ule, korongo lile, kaburi la babu, mahali tembe ya kwanza ilipokuwa.

Hapa ndipo tofauti ya taarifa na tukio inapogusa mfuko. Mzee anayejua "shamba ni letu" lakini amepoteza undani wa lini, nani alimpa na nani alishuhudia, anaweza kuzidiwa maneno na mtu mwenye hila. Anaweza kuweka dole gumba kwenye karatasi na kesho asikumbuke. Au anaweza kusema kweli tupu na asiaminiwe kwa sababu jana alikosea jina la mjukuu. Vyote viwili ni dhuluma.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mgonjwa wa dimensia anaweza kutoka usiku, akaingia boma la jirani akidhani ni kwake, akaongea na watu waliokwisha kufa. Mahali ambapo watu bado wanatafuta mchawi kila mtoto anapougua, mambo hayo yanaweza kumfanya bibi kizee atuhumiwe. Nchi yetu imeshuhudia wazee, hasa wanawake, wakiuawa kwa tuhuma hizo, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni wa miaka mingi. Kuuita ugonjwa kwa jina lake kunaweza kuokoa maisha.

Familia ifanye nini?

Kwanza, pima shinikizo la damu na sukari, na hakikisha dawa zinatumika kila siku. Mwaka 2024 jopo la kimataifa la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimensia na kukadiria kwamba karibu asilimia 45 ya wagonjwa wangeweza kuepukwa au kucheleweshwa kama mambo hayo yangeshughulikiwa. Miongoni mwake ni shinikizo la damu, kisukari, kolesteroli, uvutaji sigara, pombe kupita kiasi, kutosikia, kutoona, kujeruhiwa kichwa, moshi na hewa chafu, upweke, na kukosa elimu utotoni. Jeni haimo, kwa sababu orodha hiyo ni ya yale tunayoweza kuyabadilisha.

Pili, usikimbilie kipimo cha jeni. Matokeo ya e4 hayabadilishi matibabu atakayopewa mzee wako hapa, na kwa Mwafrika tafsiri yake ni ngumu kuliko inavyotangazwa. Dawa mpya za Alzheimer, lecanemab iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023 na donanemab mwaka 2024, hupunguza kasi ya ugonjwa kwa kiasi kidogo kwa walio katika hatua za mwanzo. Haziuponyi. Huko kipimo cha APOE hufanywa kabla ya dawa kwa sababu wenye e4 mbili wako katika hatari kubwa zaidi ya ubongo kuvimba au kuvuja damu. Anayekuuzia unga wa kurudisha kumbukumbu anakuuzia unga.

Tatu, anzia kituo cha afya kilicho karibu. Ikihitajika, mtapewa rufaa kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Hospitali ya Benjamin Mkapa au Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe. Tunajua jina la Mirembe limegeuzwa kuwa tusi la mtaani, na wapo wanaoona aibu kumpeleka mzazi. Aibu hiyo imewanyima wazee wengi huduma.

Nne, andikeni mapema. Wakati mzee bado ana undani wake, tembeeni naye mipaka ya shamba mbele ya majirani na viongozi wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu familia kupata hati ya hakimiliki ya kimila kupitia halmashauri ya kijiji. Wosia nao uandikwe mtu akiwa na akili timamu na mbele ya mashahidi, si baada ya ugonjwa kukolea.

Tano, msikilizeni. Rekodini kwa simu masimulizi yake katika lugha yake. Ulizeni juu ya tukio moja, si juu ya maisha yote: "Siku mliyohamia hapa, nani alitangulia? Mlilala wapi usiku wa kwanza?" Akikwama, msimhoji kama mtoto wa shule na msimcheke. Mpeni kitu cha kushika: picha, kibuyu, wimbo. Huko Hai, kikundi kidogo cha wazee wenye dimensia kilipokutanishwa kwa vikao 14 vya mazungumzo, nyimbo na michezo ya kuchangamsha akili, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha uwezo wao wa kufikiri na ubora wa maisha yao ukipanda. Hakikuhitaji mashine.

Sita, mtunzeni anayemtunza. Mara nyingi ni binti mmoja au mkwe mmoja, usiku na mchana. Pangeni zamu.

Kwa ufupi

Jeni ya e4 inaweza kupunguza undani wa kumbukumbu za maisha kabla dalili nyingine hazijaonekana, lakini haiamui nani ataugua, na kwa Waafrika nguvu yake ni ndogo kuliko ilivyo kwa Wazungu. Kukumbuka ya zamani si uthibitisho wa afya. Mabadiliko ya mtu yule yule ndiyo ya kuangaliwa. Shinikizo la damu, masikio, upweke na sonona vinashughulikika leo, hapa hapa. Na yale mzee anayoyajua peke yake, kuanzia mpaka wa shamba hadi majina ya waliolala kwenye makaburi yasiyo na alama, yaulizwe wakati bado anayaona.